Maji ya Fedha kwa Mguu wa Mwanahamisi

Jumatatu, 15 Aprili 1985

Foleni ya dawa imefika mpaka mlango wa wodi ya wazazi. Kila mtu na chupa yake mkononi, maana za hospitali ziliisha zamani. Chupa za soda, za siki, moja ya manukato. Huyo wa manukato nimemkoshea chupa yake na bado dawa ya kidonda imetoka inanukia harusi. Chai ya asubuhi haina sukari. Nimegombana na karani kuhusu vizibo. Siku kama nyingine.

Mchana nilikuwa nakwangua mafuta ya marhamu chini ya kopo, nikaona mtu kasimama dirishani hana chupa. Bi Rukia wa Kigombe. Nimemwamkia, ameitikia marahaba kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwake.

Karai la mafuta limempindukia binti yake, Mwanahamisi, akikaanga samaki. Mguu wa kushoto, kuanzia chini ya goti mpaka vidoleni. Wakampaka dawa ya meno. Haikusaidia, wakampaka ute wa yai. Haukusaidia, wakampaka majivu. Leo ndiyo wamemleta. Nimekasirika, lakini nimkasirikie nani? Zahanati yao haina hata pamba.

Nayaandika haya ingawa nayajua. Mama aliyenizaa aliugua baada ya kujifungua, wakati huo baba ana duka Kigombe. Bi Rukia alikuwa ananyonyesha Mwanahamisi. Akaniweka na mimi, mmoja kulia, mmoja kushoto. Tumenyonya ziwa moja. Kwa dini ni ndugu yangu, na kwa moyo pia. Wahindi wenzangu wa mtaa wa Usagara hulisahau hilo wakiniona nimekaa mkekani na watu wa Kigombe. Mimi silisahau.

Jumanne, 16 Aprili

Nimeuona mguu. Nilidhani kazi imeshanikomaza. Haijanikomaza.

Usaha wa kijani. Bendeji imekuwa kijani, shuka imekuwa kijani, na ile harufu tamu-tamu inayokaa puani mpaka nyumbani. Namjua kijidudu huyo. Anapenda nyama iliyoungua, na sindano zilizobaki kwenye kabati langu anazichezea tu. Zile zinazomweza hazijafika Tanga mwaka huu.

Dokta Lema ni kijana, anasema mambo wazi, namheshimu kwa hilo. Amesema uozo ukikaribia goti, mguu utakatwa. Asipoukata, atamkosa mgonjwa mzima. Amesema atasubiri kidogo, lakini si sana.

Mwanahamisi hakulia. Ameniuliza, "Heruni, mtu wa mguu mmoja atasimama vipi mbele ya karai?" Jina langu ni Khairun, lakini Kigombe yote naitwa Heruni. Anakaanga tangu tukiwa wasichana. Anakwenda kuchagua samaki pwani, anasimama jikoni, anatembeza sinia kijiji kizima. Mumewe alishaondoka. Yeye ndiye anayemlisha mama yake. Ukimtoa mguu umewatoa wote wawili.

Jioni nimepita dukani kwa kaka yangu Anwar. Tangu serikali ilegeze masharti, watu walete bidhaa kwa fedha zao wenyewe, rafu zake zimejaa. Sabuni za kunukia, miavuli, rangi za kucha. Nikamuuliza mbona hakuna anayeleta dawa ya kuungua. Akasema rangi ya kucha haihitaji vibali. Nimemnyang'anya jora la marekani kwa ajili ya bendeji. Alifungua mdomo, akaniona uso, akaufunga.

Alhamisi, 18 Aprili

Silali vizuri. Nawaza kabati langu, rafu kwa rafu. Nini nilicho nacho ambacho hakuna mwingine anayekitaka?

Leo nimekikumbuka. Nyuma kabisa, nyuma ya mizani mbovu: chupa nyeusi ya naitreti ya fedha. Ilitumika zamani kwa macho ya watoto wachanga. Bado imo, zaidi ya nusu.

Fedha inaua vijidudu, hilo si jambo geni. Watu walijua hata kabla ya sindano. Lakini naitreti hiyo, ndiyo chumvi ya fedha, ikiwa kali inaunguza nyama. Siwezi kumwagia mguu ulioungua kitu kinachounguza. Chuoni mwalimu alituonyesha njia nyingine: kuigeuza ile chumvi iwe fedha yenyewe, chembe ndogo mno, ndogo hata karatasi ya kuchujia haizizuii, zikielea majini. Haziunguzi kama chumvi yake. Kwa kuzigeuza alitumia dawa za maabara. Hizo sina. Maji safi ya mvuke sina, mtambo umeungua. Nina chupa na ubishi.

Nimemwambia Bwana Mhina wa maabara. Amecheka. Kisha ameacha kucheka, ameuliza nitaanza lini.

Jumamosi, 20 Aprili

Nimeanza vibaya. Nimetumia maji ya bomba, nimeyachemsha vizuri, nikatia fedha kidogo. Yakageuka meupe kama tui jepesi. Kumbe leo ndiyo siku waliyopata klorini ya kutia kwenye maji ya mji, nayo hugandisha fedha. Miezi yote wanatunywesha matope, siku ninayotaka maji ya matope wanayasafisha.

Nimemwaga. Yaani, sikumwaga. Nimeyaweka pembeni. Bomba la maji machafu la hospitali linatokea baharini, na watoto wa mtaa wanaogelea palepale. Kitu kinachoua vijidudu hakichagui. Kitaua na visivyo na hatia. Nitatafuta namna.

Mwanahamisi ana homa. Amekula ndizi moja, kwa kunifurahisha.

Jumapili, 21 Aprili

Mvua. Alhamdulillahi. Kubwa, ya kutwa. Nimeiacha ioshe bati kwanza, kisha nimepanga sufuria zote za nyumbani uani. Mke wa Anwar amepikia kikaangoni. Hakusema kitu, lakini vifuniko vya jikoni vimesema.

Jumatatu, 22 Aprili

Majani ya mpera. Ule mpera nyuma ya chumba cha dobi wa hospitali, ambao kila mtu anachuma matunda kabla hayajaiva. Majani yake yana ule ukali unaokaza ulimi. Nimefikiri: ukali huo unaweza kuigeuza fedha, na kisha uzishike chembe zisigandamane. Nimechemsha machache kwenye maji ya mvua, nimechuja, nimetia kwenye maji ya fedha, nimeweka juani.

Mwanzo hakuna kitu. Nimerudi kwenye foleni, nimetoa dawa za minyoo. Niliporudi rangi ilikuwa ya limau. Saa sita ilikuwa rangi ya chai ya rangi. Nimechuja: karatasi imebaki safi, rangi imepita yote. Nimefunga dirisha, nikaacha tundu moja tu la jua lipenye chupani. Mstari wa mwanga umeonekana ndani ya maji, umenyooka. Maji matupu hayafanyi hivyo. Chembe zimo.

Nimekaa kwenye kiti nikacheka peke yangu. Karani amechungulia, akaenda zake.

Jumatano, 24 Aprili

Kuona rangi nzuri si kuua kijidudu. Lazima kipimo. Maabara haina kitu cha kuoteshea vijidudu, kwa hiyo tumepika supu. Nimemwomba mchinjaji wa Nguvumali mifupa, nimeichemsha, nimechuja mpaka imekuwa angavu. Bila chumvi, bila ndimu. Bwana Mhina ameiangalia kwa huzuni kubwa. Amesema kwao Muheza kupika supu namna hii ni kumtukana ng'ombe.

Tumegawa kwenye mirija ya kioo. Kila mmoja tumetia tone la usaha wa Mwanahamisi. Mmoja tumeuacha hivyohivyo. Mmoja tumetia maji ya majani ya mpera peke yake, ili nisije nikaisifu fedha kwa kazi ya jani. Mmoja tumetia maji ya fedha. Kesho tutaona. Ulioota vijidudu utachafuka.

Alhamisi, 25 Aprili

Wa kwanza: mchafu, na kijani juu. Wa jani: mchafu, kidogo pungufu. Wa fedha: angavu. Unaona mpaka upande wa pili.

Bwana Mhina amerudia mara nyingine kwa mirija mipya, kwa sababu haniamini, na anafanya vizuri kutoniamini. Dokta Lema ameushika ule mrija dirishani muda mrefu. Ameuliza jambo moja tu: itamdhuru? Nimesema ikizidi fedha huingia mwilini na haitoki, mwalimu alitusimulia watu waliokunywa mpaka ngozi ikawa buluu. Kwa hiyo tutaweka nyepesi, na kwa juu tu, hanywi. Akasema, "Anza na wewe."

Nimejikwaruza mkono kwa sindano, nimefunga kitambaa kilicholowa maji ya fedha. Hakiwashi. Hakiumi.

Jumamosi, 27 Aprili

Mkono wangu hauna neno, isipokuwa doa la kijivu lisilotoka kwa sabuni. Mke wa Anwar anaona kinyaa kula na mimi.

Leo tumeanza. Marekani iliyochemshwa, imelowa, mguu mzima umefungwa. Ajabu ni kwamba mguu nimeukuta msafi. Bi Rukia analala sakafuni chini ya kitanda cha binti yake, anaamka alfajiri, anauosha kabla ya yeyote kufika. Sista wa wodi amesema laiti kila mgonjwa angekuwa na mama kama huyu. Nimejisikia fahari, maana ni mama yangu pia.

Nimepata na namna ya mabaki. Yale yanayobaki kwenye beseni nayatia konzi ya chumvi. Rangi inakatika, inageuka kijivu, inazama kama masimbi ya kahawa. Fedha imekufa, imekaa chini. Maji ya juu namwaga, masimbi naweka kwenye kopo. Bahari isalimike.

Jumatano, 1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi. Gwaride mjini, mimi wodini.

Hakuna nafuu. Kijani palepale. Nimebadilisha bendeji asubuhi na jioni, kwa mkono wangu mwenyewe. Kwenye mrija wa Bwana Mhina fedha inaua kila siku, tumepima tena. Kwenye mguu wa ndugu yangu haiui kitu. Sielewi. Nachukia kutoelewa kuliko ninavyochukia kushindwa.

Dokta Lema ameniita kando. Uozo umepanda. Siku ya upasuaji ni Alhamisi. Kesho chumba kimejaa wajawazito. Amemwandika Alhamisi ijayo. Chini ya goti. Kama hakuna mabadiliko.

Sikumwambia Bi Rukia. Naona amejua.

Ijumaa, 3 Mei

Kelele wodini. Sista amefungua bendeji, akaona ngozi ya pembeni imekuwa nyeusi, akapiga ukelele kuwa mguu umekufa wote. Wagonjwa wengine wakaanza kumsomea Mwanahamisi Yasini naye anawatazama. Nimefika nahema. Nimefunua mkono wangu, nikawaonyesha doa langu. Ni fedha, si kifo. Inaacha rangi, basi. Wameniangalia kama kichaa aliyejipaka hina.

Lakini vidole viwili vya mwisho si rangi. Nimeviminya, havihisi. Hivyo vimekwenda.

Mwanahamisi amenishika kanga na kuniambia polepole nisijisumbue tena, nimekwisha fanya ya kutosha. Nimemjibu vibaya. Nimemwambia anyamaze, hakuna aliyemuuliza. Kisha nimekwenda kulia kwenye chumba cha dawa, kati ya magaloni matupu. Namwogopea. Naogopa siku ya kumwona anatambaa kwenye uwanja wao.

Jumapili, 5 Mei

Naandika upesi kabla sijaenda kusali.

Baada ya kubadilisha bendeji nilirudi na beseni. Nikachukua chumvi kama kawaida, nikatia. Nikatazama rangi inavyokatika. Nimefanya hivi kila siku tangu tuanze. Leo mkono umebaki hewani. Chumvi. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, kila siku naiua fedha kwa chumvi.

Nimeenda wodini nusu nakimbia. Bi Rukia alikuwa ameenda msalani. Chini ya kitanda pana dumu lake, lile analooshea mguu. Nimechovya kidole, nikalamba.

Bahari.

Nimekaa sakafuni palepale. Ni wazi, ni wazi kabisa. Kidonda kwetu pwani kinaoshwa kwa maji ya chumvi. Hakuna anayefundishwa, kama vile hufundishwi kula kwa mkono wa kulia. Mimi mwenyewe magoti yangu yote ya utotoni yaliponea kwenye maji hayo. Ningemkuta anauosha kwa maji matamu ningemuuliza anafanya nini. Kwa sababu ni chumvi, sikuuliza. Sista hakuuliza. Dokta hakuuliza. Kila alfajiri analoweka mguu kwenye bahari, kisha mimi nakuja na fedha yangu juu ya nyama iliyojaa chumvi, na fedha inakufa kabla haijagusa kijidudu hata kimoja.

Leo Jumapili. Alhamisi iko pale.

Jumatatu, 6 Mei

Nimemwambia Bi Rukia, na nimemwambia kwa ulimi wangu huu. Nilisema, "Mama, unaniulia dawa." Maneno ya kumwambia mtu aliyelala sakafuni wiki tatu.

Alivuta kanga usoni. Kisha akasema, "Na wewe nalikuosha kwa maji hayahaya, Heruni. Ukapona." Kweli tupu. Akanieleza kwamba maji hayo hayachoti popote tu. Anaagiza yaletwe kutoka Kigombe, yamechotwa ng'ambo ya mwamba ambako ni safi, anayachemsha, anayapoza, anayaonja kwa ulimi yasimchome mwanawe. Kila kitu alichokifanya kilikuwa sahihi. Dawa yangu ingekuwa marhamu, ingekuwa GV ya zambarau, ingekuwa chochote kingine duniani, ningemshukuru. Ni fedha tu isiyopatana na chumvi, na fedha nimeileta mimi.

Nimejaribu kumweleza hivyo. Hakunisikiliza tena. Ameinuka akaenda kukaa barazani, mgongo kwangu.

Mguu nimeuosha mwenyewe kwa maji ya mvua yaliyochemshwa, mara tatu, mpaka nilipoonja bendeji nikaona haina chumvi, na sista akageuka asitazame. Kisha nimefunga fedha mpya.

Nina huzuni, na sina muda wa kuwa nayo.

Jumanne, 7 Mei

Alfajiri nimemkuta Bi Rukia mlangoni pa chumba changu cha dawa. Hakulala wodini. Amelala kwa jamaa zake Nguvumali, na amebeba sufuria ya maji ya mvua yaliyochemshwa, imefunikwa sinia. Shikamoo yangu ameiitikia kwa kichwa tu. Akasema nimwonyeshe hiyo dawa inavyouliwa na chumvi, aone kwa macho yake, asisimuliwe.

Nimemwaga maji ya fedha kwenye bilauri. Nimempa chumvi mkononi. Ametia mwenyewe, kidogo, kama anayekoleza mchuzi. Rangi ikakatika. Ikawa kijivu. Ikaanza kuzama. Ametazama mpaka mwisho. Akaomba bilauri nyingine, akatia tena.

"Basi ndivyo inavyokufa," alisema.

"Ndivyo, mama."

Akachukua sufuria yake akaenda kumwosha binti yake. Nilimfuata nyuma. Ameuosha vizuri kuliko mimi, na hakumuumiza hata kidogo.

Jumatano, 8 Mei

Bendeji ya asubuhi: kijani kimepungua. Bendeji ya jioni: rangi ya usaha wa kawaida, ule wa njano tunaoujua. Nimenusa. Nimemwita Bwana Mhina akanuse. Amenusa, akavua miwani, akanusa tena. Ile harufu tamu haipo.

Homa imeshuka. Mwanahamisi ameomba samaki wa kukaanga, kisha amemla akilaumu aliyemkaanga.

Dokta Lema hakupatikana mchana kutwa. Mguu bado umeandikwa kwa kesho. Nimeacha ujumbe kwa sista, kwa karani, kwa mlinzi wa geti. Nitakwenda mwenyewe mapema nimzuie mlangoni.

Alhamisi, 9 Mei

Sikumzuia mlangoni. Alikuwa ameshaingia wodini kabla yangu, amefungua bendeji, ameinama juu ya mguu anautazama. Nilisimama nyuma yake. Alibonyeza juu ya muundi, akabonyeza chini. Mwanahamisi akaguta na kumtukana kwa Kimtang'ata cha kwao, tusi zima lenye mama na bibi ndani yake. Dokta ni mtu wa Kilimanjaro, hakuelewa. Lakini amefurahi kwamba mgonjwa ameumia: nyama inayouma haijafa.

Mwanahamisi ameingizwa kwenye chumba cha upasuaji. Tumekaa barazani, Bi Rukia na tasbihi yake, mimi na mikono mitupu. Sikuweza hata kuomba dua vizuri. Nilikuwa nasema jina lake tu.

Dokta ametoka. Vidole viwili vya mwisho amevitoa, na nyama mfu ameikwangua. Chini yake imetoka damu nyekundu, safi. Mguu umebaki.

Bi Rukia ameniegemea. Mwepesi, kama kanga iliyoanikwa. Tukakaa hivyo mpaka walipomtoa.

Jumatatu, 20 Mei

Mwezi wa Ramadhani unatafutwa leo au kesho. Mji mzima unanunua tende na tambi, na kwa mara ya kwanza miaka hii tende zipo.

Anwar amesikia habari. Ana wazo: chupa ndogo, kibandiko kizuri, Maji ya Fedha, kwa vidonda, macho, tumbo na nguvu za mwili. Nimemuuliza nani atakuwa wa kwanza kuyanywa na kugeuka buluu, yeye au mkewe. Amenuna. Anwar si mtu mbaya, ila akili yake inaishia kwenye rafu.

Chupa nyeusi inakaribia mwisho. Kuna mtoto wa miaka minne wodini, uji umemmwagikia kifuani. Nimempa yeye iliyobaki. Mguu wa Mwanahamisi sasa una nyama nyekundu, nzima, na unaweza kufungwa kwa marhamu. Bi Rukia amemfundisha mama wa yule mtoto namna ya kuosha. Nimemsikia nyuma ya pazia, mkali: maji ya mvua, yachemshwe, na chumvi isikaribie, hata mkono wenye chumvi usikaribie.

Bwana Mhina anasema tuandike tulivyofanya, tupeleke Dar es Salaam. Nimesema tuandike na tulivyokosea. Ameuliza lazima? Lazima.

Jumapili, 30 Juni

Nimeenda Kigombe. Idi imepita, lakini walinipikia upya mkate wa kumimina. Bi Rukia amenipa mkubwa kuliko wa wengine, na amekaa karibu kuhakikisha naumaliza.

Mguu nimeukagua. Ngozi mpya, nyembamba, ya waridi katikati na kijivu pembeni pale fedha ilipotia rangi. Kijivu hicho hakitoki tena. Mwanahamisi anasema hajali, ataonekana amevaa soksi kama askari. Anachechemea upande wa vidole visivyokuwepo. Karai limeshatolewa chini ya kitanda, limesuguliwa, limeegemezwa ukutani.

Nikasema hapana. Ngozi bado changa, akae chini angalau mwezi, mafuta ya moto asiyakaribie, uwanjani asitembee bila kiatu. Nilisema kwa sauti yangu ya hospitali. Alinisikiliza akipanga vikombe. Nikarudia. Akaweka kikombe chini.

"Heruni, hapa si kwenye dirisha lako la dawa."

Nikamwambia akae. Akakataa. Nikamwambia ni mkaidi kama punda wa mkwezi. Akasema afadhali punda, hatembei na doa mkononi akitisha watu. Akajifunga kanga kiunoni, akavuta kandambili zake, akaondoka. Hakugeuka nyuma. Alikuwa amekasirika kweli. Alikata uwanja wote kwa miguu yake miwili, akapita kisimani, akazunguka nyumba ya jirani, na bado nilimsikia akilalamika njiani.

Bi Rukia alinitazama. Mimi nikamtazama. Hakuna aliyemwita arudi.

Tumekaa mkekani, tukamalizia chai.